Kituo kiko karibu, safari je?

Kipimo chepesi cha upatikanaji wa usafiri wa umma mjini ni umbali wa nyumba hadi kituo. Ndicho kinachotumika katika lengo namba 11 la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa: mkazi huhesabiwa kuwa amefikiwa na huduma iwapo kituo cha basi hakizidi mita 500 kutoka anakoishi, au kilomita 1 kwa treni na kivuko. Umbali hupimwa kwa njia anayopita mtu kwa miguu. Ukichora tu duara kuzunguka kituo kwenye ramani, bonde lisilo na daraja hugeuka kuwa njia.

Hata ukipimwa vizuri, umbali hausemi basi hupita mara ngapi. London ililishughulikia hilo mapema. Kipimo cha PTAL, kilichobuniwa mwaka 1992 katika manispaa ya Hammersmith na Fulham, hujumlisha muda wa kutembea na wa kusubiri, kisha huipa kila sehemu daraja, kuanzia 0 hadi 6b. Kituo cha basi kilicho zaidi ya dakika 8 kwa miguu hakiingii kwenye hesabu. Cha treni hupewa dakika 12. Ila PTAL nayo haiulizi basi linaelekea wapi, na abiria hapandi ili apande tu.

Ndiyo maana watafiti wengi huhesabu ajira, shule au hospitali zinazofikika kwa muda fulani, tuseme saa moja. Hesabu hiyo hudai ratiba, kitu ambacho matatu, mabasi madogo ya abiria ya Kenya, hazina. Nairobi, kuanzia mwaka 2012, mradi wa Digital Matatus ulipeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kupanda matatu na simu mkononi, wakinakili njia na steji. Zaidi ya njia 130 zikapata ramani. Bado matatu husubiri ijae ndipo iondoke, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Saa moja ya kwenye kompyuta haiyajui hayo.

Umoja wa Mataifa hutaka pia takwimu zitenganishwe kwa jinsia, umri na ulemavu. Dar es Salaam, jukwaa la kituo cha mabasi ya mwendokasi liko sawa na sakafu ya basi, kiti cha magurudumu kinaingia. Kwenye daladala kuna ngazi, na konda ana haraka. Kwa kipimo cha mita 500, kituo cha mwendokasi na cha daladala ni sawa.