Piano inapopewa pumzi ya pili

Piano ina upungufu mmoja ambao ufundi wa karne tatu haujauondoa. Nyundo ikishagonga uzi, sauti huanza kufa papo hapo. Mpigaji anaweza kuiacha ififie au kuikata, lakini hawezi kuikuza kama afanyavyo mpiga tarumbeta. Wanaodai kwamba sauti za kielektroniki kwenye maonyesho ya piano ni mapambo tu wanausahau upungufu huo. Mtunzi Mario Davidovsky, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Marekani, alianza Synchronisms namba 6 kwa noti moja ya piano, kisha utepe wenye sauti za kielektroniki ukaipokea na kuivimbisha, hata sikio likaamini kuwa piano yenyewe ndiyo inayopaza. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1971. Katika Mantra ya mwaka 1970, mtunzi Karlheinz Stockhausen alikwenda mbali zaidi: sauti ya kila piano kati ya mbili hukutanishwa na mlio wa kielektroniki, na kinachotoka kwenye spika ni jumla na tofauti ya mitetemo yao. Noti ya mitetemo 440 kwa sekunde ikikutana na mlio wa 200 huzaa 640 na 240. Noti inayolingana na mlio hutulia. Nyingine hukwaruza kama kengele yenye ufa. Basi umeme umempa mtunzi ngazi mpya ya utulivu na msuguano, na hilo si pambo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba utepe haumsubiri mtu: mpigaji hugeuka mtumwa wa saa. Ni kweli, na baadhi ya kazi zimeumia kwa sababu hiyo. Lakini mtunzi Luigi Nono, katika …sofferte onde serene… ya mwaka 1976, alijaza utepe kwa upigaji wa mpiga piano Maurizio Pollini mwenyewe, hivyo Pollini alipopanda jukwaani alizungumza na mikono yake. Mwaka 1988, katika kituo cha utafiti wa muziki cha IRCAM jijini Paris, mtunzi Philippe Manoury alitunga Pluton akisaidiana na Miller Puckette, ambaye programu yake iliiwezesha kompyuta kumfuata mpiga piano, akichelewa nayo ichelewe. Wengine wanahofia kwamba vifaa huchakaa na kazi kufa navyo. Mbona Mantra sasa hupigwa kwa kompyuta ndogo? Inawezekana kwa sababu kinachohitajika ni hesabu ileile ya mitetemo, na hesabu haina kutu.