Sheria Inayosimama Kati ya Mjenzi na Mpangaji

Katika nchi za kaskazini, ambako majira ya baridi huchukua karibu nusu ya mwaka, nyumba humgharimu binadamu mara mbili, kwanza inapojengwa, na kisha kila mwaka inapopashwa moto. Na aghalabu anayelipa gharama ya kwanza siye anayelipa ya pili. Ajengaye ili apangishe hana maslahi yoyote katika kuongeza unene wa ukuta, maadamu mafuta au gesi itakayoteketea humo italipwa na mpangaji. Penye maslahi yaliyoachana namna hii hiari haitoshi, na ndiyo maana sheria za kuhifadhi joto majumbani, ambazo wengi huzidhani kuwa mambo ya wahandisi na vipimo vyao, kwa hakika ni sheria za uadilifu kabla ya kuwa za ufundi. Ushahidi wa jambo hili nautafuta Ujerumani, ambako zaidi ya nusu ya kaya hukaa katika nyumba za kupanga.

Kanuni ya kwanza yenye uzito huko, DIN 4108 ya mwaka 1952, ilidai ukuta uwe na kinga ya chini tu, kadiri ya kuzuia umande usikae ndani yake na kuotesha ukungu. Habari ya kuokoa mafuta haikuwamo, kwani mafuta yalikuwa rahisi. Lakini vilipozuka vita vya Mashariki ya Kati Oktoba 1973, na nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta yao, bei ya pipa moja ilipanda kutoka takriban dola 3 hata karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, na Wajerumani wa Magharibi wakakatazwa kuendesha magari yao kwa Jumapili nne. Ndipo mwaka 1976 ikatungwa sheria ya kuokoa nishati, na chini yake ikatolewa kanuni ya kuhifadhi joto majumbani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1977.

Msingi wa kanuni hizo ni hesabu isiyo ngumu, nayo ni kupima joto linalopenya katika kila mita ya mraba ya ukuta kwa kila digrii moja ya tofauti baina ya ndani na nje. Ukuta wa kale wa matofali, usiovikwa kitu, hupitisha takriban wati 1.4, na ukuta wa nyumba ya mfano, ambayo sheria ya leo huitumia kuwa mizani ya nyumba mpya, hupitisha 0.28, yaani khumsi yake. Chukua nyumba yenye mita 100 za mraba za ukuta, ndani digrii 20, nje digrii 10 chini ya sifuri: ya kwanza itapoteza wati 4,200 kwa kuta zake peke yake, ilhali ya pili itapoteza 840. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa siku na usiku wa miezi sita, ndiyo fedha inayotoka mfukoni mwa mpangaji.

Hata hivyo ukuta si nyumba, na sheria ilichukua muda kulitambua hilo. Mwaka 1995 ndipo ilipoanza kuihukumu nyumba nzima kwa joto inalohitaji kwa mwaka, isipite kilowati-saa 54 hadi 100 kwa kila mita ya mraba, kwa kadiri ya umbo lake. Na mwaka 2002 mtambo wa kupashia joto nao ukatiwa katika hesabu hiyo hiyo. Wanaosahau umoja huu huadhibiwa na maumbile yenyewe. Katika nyumba nyingi za kale madirisha yaliyovuja yaliondolewa, yakatiwa mapya yasiyopitisha upepo, na kuta zikaachwa na ubaridi wao. Basi mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi za watu, ukikosa pa kutokea, ukatua katika pembe zenye baridi, na kuvu nyeusi ikaota nyuma ya makabati, mahali walalapo watoto. Nyumba nne zilizojengwa Darmstadt na kukaliwa tangu 1991, kwa fikra za Wolfgang Feist na Bo Adamson, zilionyesha njia iliyo sawa: kuta nene, madirisha ya vioo vitatu, na juu ya hayo mtambo unaoingiza hewa safi na kunyang'anya joto la hewa chafu kabla haijatoka, hata mahitaji ya joto yakashuka chini ya kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka.

Dhuluma kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika kodi. Sheria humruhusu mwenye nyumba anayeiboresha nyumba yake aongeze kodi ya mwaka kwa sehemu ya gharama, asilimia 11 hadi mwisho wa 2018 na asilimia 8 tangu 2019, na nyongeza hiyo haiondoki hata gharama ikisharejea yote. Hivyo ukuta uliojengwa kumpunguzia mpangaji mzigo huweza kumhamisha mtaa. Kwa sababu hiyo naisifu sana sheria iliyoanza kutumika mwaka 2023, iliyougawa ushuru wa hewa ukaa unaotozwa mafuta na gesi ya kupashia joto, ambao kabla yake mpangaji aliubeba peke yake: katika nyumba mbovu kabisa mwenye nyumba hulipa asilimia 95, na katika iliyo bora halipi kitu. Hapo ndipo maslahi ya wawili hao yalipoanza kukutana.

Nawe msomaji, ukiwa miongoni mwa ndugu zetu wanaotafuta nyumba Hamburg au Berlin, usitie sahihi mkataba kabla ya kuonyeshwa cheti cha nishati, kwani sheria humlazimisha mpangishaji akuonyeshe siku ile ile unapokwenda kuiangalia nyumba. Na ukiikuta humo herufi ya G au H, zilizo za daraja za chini kabisa, uliza gharama ya joto ya mwaka uliopita, uijumlishe na kodi, ndipo uamue.