Je, wajua mafunjo huwaficha furu?

Neno "karatasi" tulilipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Wagiriki, ambao kwalo walitaja kurasa za mafunjo ya Misri. Basi mmea tunaoufyeka kandokando ya Ziwa Victoria ili tupate shamba ndio uliobeba maandishi ya watu kwa maelfu ya miaka.

Mashina ya mafunjo yana pembe tatu na karibu hayana majani: ukijani wake wenyewe ndio unaopika chakula juani. Hufika mita 4 au 5, yakabeba kishungi cha nyuzi kileleni. Ndani yamejaa hewa kama sifongo, hivyo mizizi haikosi pumzi hata katika tope zito, na vikonyo vya chini vikisukana huelea juu ya maji kama mkeka.

Chini ya mkeka huo ni giza. Mashina makavu huoza, oksijeni hupungua, na samaki wengi hawawezi kukaa humo. Sangara ni mmojawapo. Alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilitoweka kwa kuliwa naye. Lakini katika ziwa dogo la Nabugabo, Uganda, ambako sangara naye aliingizwa, watafiti waliwakuta furu wamejibanza kwenye mafunjo. Furu huvumilia: hupanda juu kabisa na kupitisha kwenye matamvua lile tabaka jembamba la maji linalogusana na hewa. Kamongo, mwenye mapafu, huja juu akavuta hewa akazama. Maji tunayoyaona mabovu ndiyo yaliyowaokoa furu.

Kwa hiyo ukichimba bwawa kwa ajili ya viumbe wa porini katika nchi za maziwa, anza na mafunjo. Mvua zikianza, kata kipande cha kikonyo chenye chipukizi, ukipande kwenye tope la ukingo, pale maji yanapofika kifundo cha mguu. Kichukue kwenye kinamasi cha jirani, ukioshe vizuri, maana gugumaji la Amerika Kusini husafiri kwa kipande kidogo tu. Panda upande mmoja, kwani mafunjo huenea upesi na bwawa dogo yatalijaza. Ng'ambo ya pili waachie vyura na kerengende matete mafupi na maji yenye jua. Mafunjo yakikomaa, vuna mashina ya kusukia mikeka, ila usiguse kichaka chenye kiota hadi makinda yaruke.