Kitendawili na Ubao Mweusi

Fasihi simulizi afundishweje mtoto aliyekua nayo? Swali hilo, ndugu msomaji, lilinikuta Newala nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Kidato cha tatu. Niliandika ubaoni fasili ya kitendawili, sifa tano, dhima nne, wakanakili kimya. Nilipouliza swali wakanisomea notisi zangu zilezile, neno kwa neno. Eti nimefundisha!

Kumbe kitendawili chenyewe ni mbinu ya kufundishia. Mtegaji huita, wenziwe humjibu "Tega!", wakishindwa humpa mji kwanza ndipo awape jibu. Yaani kosa lina bei, ila halina kiboko, na mtu hulazimika kukitazama kitu upya kabla ya kukitaja. Jando na unyago navyo hufunza kwa nyimbo na mafumbo. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alizinasa nyimbo za wenyeji kwa fonografu. Yeye walau alikuja kusikiliza. Mimi nilikuja na sifa tano.

Kipindi kilichofuata nikafuta ubao. Wakategeana kwa Kimakonde, kisha wakatafsiri. Kimoja kilizua ubishi mkali: kidokezo kilikuwa katika sauti ya neno lenyewe, na kwa Kiswahili kikapotea. Sifa hiyo haikuwamo kwenye notisi zangu. Mwalimu wa darasa jirani akaja kuuliza fujo ni za nini.

Lakini mtihani, bwana, huuliza fasili. Ijumaa nikaiandika tena ubaoni.