Moyo wa Askari Huanza Kulishwa Utotoni

Mwaka 1953 madaktari watatu, Enos, Holmes na Beyer, walitangaza habari iliyowashangaza wengi. Walikuwa wamechunguza mioyo ya askari 300 wa Marekani waliouawa vitani Korea, vijana ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 tu. Katika kila mia, 77 walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Na hao ni watu waliohesabiwa kuwa wazima, wakapewa bunduki na kupandishwa milima!

Sisi tulio jeshini hatuwezi kuisoma habari hiyo kwa utulivu. Kuruta huja kambini na moyo uliolishwa tangu utotoni, wala hakuna mwalimu wa gwaride awezaye kuugeuza kwa filimbi.

Je, mtoto akifundishwa habari za chakula ataelewa? Bila shaka. Kati ya 1991 na 1994 huko huko Marekani ulifanywa mradi uitwao CATCH katika shule za msingi 96 za California, Louisiana, Minnesota na Texas. Shule 56 zilipewa mafunzo, 40 zikaachwa kama zilivyokuwa ili zilinganishwe. Watoto wa darasa la tatu hadi la tano walijifunza kupunguza mafuta na chumvi, na wapishi wa shule nao wakafundishwa. Nguvu ya chakula cha mchana iliyotokana na mafuta ilishuka kutoka kama asilimia 39 hadi 32. Maarifa ya watoto yaliongezeka. Hata hivyo, lehemu katika damu yao haikutofautiana na ya wenzao.

Hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa mtoto hashiki mwiko wala mfuko wa fedha. Jioni moja tuliwauliza watoto wa kambi yetu ni nini kiudhuricho moyo. Binti wa miaka kama tisa alijibu upesi: chumvi nyingi, na vyakula vya kukaangwa. Tulimpigia makofi. Baada ya nusu saa tulimkuta dukani akinunua chipsi, nazo zimenyunyiziwa chumvi hadi zimekuwa nyeupe. Aliyemtuma alikuwa mmoja wetu.

Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo. Kichupa cha chumvi katika mesi yetu kingali mezani.