Jinsi waonjaji wanavyoamua ubora wa divai

MNAMO Mei 24, 1976, majaji tisa, wote Wafaransa waliobobea katika masuala ya divai na mapishi, waliketi katika hoteli moja jijini Paris wakaletewa glasi bila kuelezwa zilijazwa kutoka chupa zipi. Mwandalizi, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier, alikuwa amechanganya divai mashuhuri za Bordeaux na Burgundy na nyingine za jimbo la California, Marekani, ambazo wakati huo Ulaya haikuzipa uzito.

Katika divai nyeupe, Chateau Montelena ya mwaka 1973 iliibuka ya kwanza. Katika nyekundu, ushindi ukaiendea Stag's Leap ya 1973. Zote mbili ni za bonde la Napa, California. Jaji mmoja aliisifu glasi akidai sasa amerejea Ufaransa, kumbe aliyokuwa akinywa ni ya Wamarekani. Mwenzake, mhariri Odette Kahn, alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama, akanyimwa.

Je, mwonjaji huangalia nini hasa? Kwanza huiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe atazame rangi: divai nyekundu hufifia na kuelekea hudhurungi kadiri miaka inavyosonga, ilhali nyeupe huzidi kukolea. Kisha huizungusha ili harufu ipande, na hapa ndipo penye kazi kubwa, kwani mengi tunayoyaita ladha kwa hakika hunuswa puani. Hatimaye hupiga funda dogo, akavuta hewa kinywani na kuitema. Yeyote aliyewahi kuwaona waonjaji wa majani chai mjini Mombasa wakifyonza kwa kelele na kutema hatashangazwa na mwenendo huo.

Ulimi hupima utamu, uchachu na ukakasi. Ukakasi hutokana na tanini, kemikali iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu, na ndiyo ile ile inayokausha kinywa mtu anapokunywa chai ya rangi iliyokolea. Kiwango cha kila kimoja huitambulisha nchi ya asili. Zabibu za maeneo ya baridi, kama vile Mosel nchini Ujerumani, huiva polepole na kubaki na uchachu mwingi. Zile za Barossa, Australia, hupata jua kali na kujaza sukari ambayo hugeuka kuwa kileo, hivyo divai yake huwa nzito na yenye joto kooni.

Hata hivyo, alama si mizani ya dukani. Mjini Paris kila jaji alitoa alama kati ya 20, na Stag's Leap iliishinda Mouton Rothschild kwa alama 1.5 pekee kati ya jumla ya 180. Isitoshe, matokeo ya divai nyeupe yalisomwa kabla ya nyekundu kuonjwa, jambo ambalo kwa maoni yangu liliwatia majaji wasiwasi wakaanza kuwinda za Marekani badala ya kupima kilichokuwa mbele yao.

Wafaransa walijitetea kwamba divai zao zilihitaji muda zaidi ili zikomae. Hoja hiyo ilipimwa mwaka wa 2006, nyekundu zile zile zilipoonjwa upya London na Napa. Ridge Monte Bello ya 1971, ya California, ndiyo iliyoongoza, na tano za mwanzo zote zikawa za jimbo hilo.

Mtego mwingine u machoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001, wanafunzi 54 wa taaluma ya divai mjini Bordeaux walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Ndiyo sababu baadhi ya waonjaji huamua kutumia glasi nyeusi, zisizoonyesha hata rangi ya kilichomo.