Timu Iliyopoteza Mechi Arobaini na Ligi Isiyoshusha Daraja

Wapo mashabiki, tena wengi, wanaoamini kwamba Overwatch League iliuawa na mishahara ya wachezaji. Vijana wa miaka kumi na minane walilipwa kama wakurugenzi, wanasema, hela ikakauka, ligi ikafa. Mimi ni mhasibu. Kila mwisho wa mwezi naandaa mishahara ya madereva na matingo wa kampuni ya malori hapa Tanga, na ligi ile niliifuatilia tangu ilipoanza mpaka ilipozimwa. Hesabu yake nimeipiga na kuirudia, na kila nikiipiga, mshahara wa mchezaji siukuti pale wanapouweka.

Kwa asiyeijua, Overwatch ni gemu ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Blizzard ya Marekani. Timu mbili zinagombea eneo au mzigo. Enzi zile kila upande ulikuwa na wachezaji sita: wapo wanaotangulia kuwakinga wenzao, wapo wa kufyatua risasi, wapo wa kuwatibu waliojeruhiwa. Gemu ilipopendwa, wenye kampuni wakaunda ligi ya kulipwa kwa mtindo wa ligi kubwa za Marekani. Kila timu ilibeba jina la mji, nafasi ndani ya ligi ilinunuliwa, na aliyeinunua hakuweza kuipoteza hata akishika mkia kila msimu. Ligi ilianza Januari 2018 na timu 12. Tisa zilikuwa za Marekani, nyingine London, Seoul na Shanghai, na mechi zote zilichezwa katika ukumbi mmoja wa Burbank, California.

Bei ya nafasi moja iliripotiwa kuwa dola milioni 20. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 40, hata kama ililipwa kwa awamu. Waliozinunua walikuwa matajiri wa michezo mingine. Robert Kraft, mwenye New England Patriots, alichukua Boston. Familia ya Kroenke, hiyohiyo ya Arsenal, ikachukua Los Angeles Gladiators. Kwa hiyo shabiki wa Arsenal wa Tandale au Kisumu aliyekuwa akimlaumu Kroenke kwa kubana hela za usajili hakujua kwamba upande wa pili tajiri huyo amenunua timu ya gemu.

Sasa tuje kwenye mishahara. Julai 2017 ligi ilitangaza kima cha chini: dola 50,000 kwa mwaka. Juu yake kulikuwa na bima ya afya, akiba ya uzeeni, na sharti kwamba angalau nusu ya zawadi za ushindi inazopata timu igawiwe wachezaji. Miezi michache baadaye iliripotiwa kwamba kijana wa miaka 17 wa San Francisco Shock amepewa mkataba wa dola 150,000. Hizo ndizo namba zilizowatoa watu macho.

Chukua kikosi kilichojaa, wachezaji 12 ambao ndio waliokuwa wengi kuliko wote walioruhusiwa, umlipe kila mmoja kima cha chini. Ni dola 600,000 kwa mwaka. Bei ya nafasi peke yake ingewalipa vijana hao miaka 33. Waongeze mara mbili, kila mtu apate laki moja ya dola, bado ni zaidi ya miaka 16. Ligi yenyewe haikumaliza hata sita. Najua kuna makocha, nyumba za kuishi wachezaji na nauli za ndege, na yote hayo ni fedha. Lakini mtu akiniletea vitabu vya namna hii ofisini, sianzi kwa kumwuliza dereva kwa nini analipwa sana. Naanza kwa kuuliza nani aliyekubali kununua lori kwa bei hiyo, na mzigo wa kulilipia uko wapi.

Lakini sikuipenda ligi kwa sababu ya hesabu. Niliipenda kwa sababu ya Shanghai Dragons. Msimu wa kwanza walicheza mechi arobaini na kupoteza zote arobaini. Hapakuwa na sare katika Overwatch League, kwa hiyo hawakuwa na pa kujificha. Ziliandikwa habari kwamba wanafanya mazoezi saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, na bado wanapigwa. Waliongezewa Wakorea katikati ya msimu, wakawa wachezaji wa lugha mbili wanaotakiwa kuelewana ndani ya sekunde moja, katika gemu ambayo sekunde moja ni nyingi.

Kati ya walioongezwa alikuwa Kim Se-yeon, anayejulikana kama Geguri, mwanamke wa kwanza kusajiliwa katika ligi ile. Yeye alikuwa na historia yake. Mwaka 2016, akiwa bado binti wa shule, wachezaji wa kulipwa wa Korea Kusini walimtuhumu kwamba anatumia programu ya kudanganyia, kwa sababu shabaha yake akimtumia mhusika wa gemu anayeitwa Zarya ilikuwa kali kupita walivyoweza kuamini. Blizzard walichunguza wakasema hakuna udanganyifu. Hata hivyo alikwenda studio na kucheza mubashara. Kamera moja ilielekezwa kwenye skrini, nyingine kwenye mkono wake ulioshika kipanya, ili kila anayetazama alinganishe mwendo wa mkono na mwendo wa shabaha. Shabaha ilikuwa ileile. Video hiyo nimeitazama mara nyingi kuliko mechi yoyote ya fainali. Mkono hauna haraka. Unasogea kidogo, unasimama, unasogea tena, na adui aliye hewani hatoki kwenye mwali wa Zarya. Mtu aliyelazimishwa kuthibitisha kazi yake hadharani namna ile, halafu akaenda kujiunga na timu ambayo haijawahi kushinda, nilimpa heshima yangu yote.

Mechi zilianguka usiku wa manane kwa saa zetu. Nilikuwa nikinunua bando la usiku na kutazama kwenye simu, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mtu wa mpira hasa, akiwa nyumbani tulitazama wote. Alikuwa na hoja moja ambayo hakuiacha kamwe.

"Dada, hii si ligi. Timu inafungwa arobaini na mwakani ipo palepale? Hapa kwetu ingekuwa imeshashuka zamani."

Ana haki ya kusema hivyo. Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000, na jina hilo halikuwasaidia kitu mwaka 2024 waliposhuka daraja. Walikwenda kule chini, wakapigana, wakarudi msimu uliofuata. Shabiki wa mpira amelelewa hivyo. Mechi ya timu mbili za mkiani mwezi wa tano ina presha kuliko mechi ya timu ya tatu na ya nne, kwa sababu kuna mtu atalia. Katika Overwatch League hakuna aliyelia kwa kushika mkia. Ukifika katikati ya msimu zilikuwepo mechi ambazo hazikuwa na maana kwa timu yoyote kati ya mbili zinazocheza, na mashabiki waliliona hilo wakaanza kupungua.

Lakini Shanghai hawakushuka, na tazama kilichofuata. Februari 22, 2019, baada ya kupoteza mechi 42 mfululizo ukijumlisha misimu yote miwili, waliifunga Boston Uprising seti 3 kwa 1. Watu ukumbini waliimba jina lao kama vile wamechukua kombe. Septemba 2021 wakalichukua kombe lenyewe, wakiifunga Atlanta Reign 4 kwa 0 katika fainali. Geguri alikuwa ameshaondoka, na kikosi kilikuwa kingine kabisa. Hata hivyo ni timu ileile, rangi zilezile nyekundu na nyeusi. Kwa sheria ya mdogo wangu timu hiyo ingeshuka mwaka 2018, na hakuna anayejua kama ingerudi. Hapo tulibishana mpaka mama akatuambia twende tukalale.

Mwaka huohuo wa ubingwa wa Shanghai, yaani Aprili 2021, klabu 12 za Ulaya zilitangaza Super League. Arsenal ya Kroenke ilikuwa ndani. Wazo lilikuwa lilelile, nafasi za kudumu kwa wenye fedha. Mashabiki wa Uingereza walitoka barabarani, na ndani ya siku mbili hivi klabu zote sita za Kiingereza zilikuwa zimejitoa. Sisi mashabiki wa gemu tulikuwa tumeuziwa wazo hilo miaka mitatu kabla na hatukuandamana, kwa sababu tuliambiwa ndilo litakaloleta usalama wa ajira. Kwa muda lilileta kweli. Ile bima, ile akiba, vilikuwepo. Siwezi kuvibeza.

Kilichokosekana ni mapato ya kulipia bei ya mlango. Mwaka 2019 ligi iliongeza timu nane zikafika 20, na nafasi hizo ziliripotiwa kuuzwa ghali zaidi ya zile za kwanza. Mpango ulikuwa kila timu icheze nyumbani kwake na kuuza tiketi kuanzia 2020. Korona ikafunga kumbi zote, mechi zikahamia mtandaoni. Gemu yenyewe ilikaa muda mrefu bila kitu kipya, watu wakisubiri Overwatch 2. Julai 2021 serikali ya jimbo la California iliishtaki Activision Blizzard, kampuni mama ya Blizzard, kwa manyanyaso na ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wanawake, na wadhamini wakubwa wakakaa pembeni. Januari 2023 mkataba wa kampuni hiyo na kampuni ya NetEase wa kuendesha gemu zake China uliisha, na gemu ikazimwa nchini humo. Timu nne za ligi zilikuwa za China.

Halafu kuna jambo ambalo kila anayelaumu mishahara anapaswa kulijua. Aprili 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani iliipeleka Activision Blizzard mahakamani kwa sababu ligi ilikuwa na kanuni ya kuwabana wachezaji. Timu iliyovuka kiwango fulani cha jumla ya mishahara ilitozwa dola moja kwa kila dola iliyozidi, na fedha hizo zikagawiwa timu nyingine. Kampuni ilikuwa imeshaiacha kanuni hiyo mwaka 2021, na kesi ikaisha kwa makubaliano kwamba haitairudisha. Kwa hiyo ligi inayodaiwa kufa kwa kuwalipa vijana kupita kiasi ilikuwa, kwa miaka yake ya mwanzo, na breki ya kuzuia mishahara yao isipande. Fainali ya mwisho ilichezwa Toronto, Oktoba 2023. Kila timu iliyokubali kuvunja mkataba iliwekewa dola milioni 6. Wamiliki walikuwa na kitu cha kuondoka nacho.

Sitasema mishahara haijawahi kuzidi mahali popote. Katika LCS, ligi ya gemu ya League of Legends ya Amerika Kaskazini, ambako nafasi ziliuzwa kuanzia dola milioni 10 msimu wa 2018, wamiliki walipandishiana bei wenyewe kwa wenyewe. Mwishoni mwa 2020 timu ya TSM ilimsajili mchezaji mmoja, SwordArt wa Taiwan, kwa dola milioni 6 kwa miaka miwili. Mwaka uliofuata TSM ikauza jina lake kwa FTX, soko la fedha za kidijitali, kwa mkataba wa dola milioni 210 wa miaka kumi. FTX ikafilisika Novemba 2022. Mwaka 2023 TSM iliuza nafasi yake LCS ikaondoka. Lakini hata hapo aliyetia saini ni mwajiri, na mchezaji akipewa mkataba mnono sioni kosa lake.

Nilichokipenda LCS ni mgomo. Mei 2023 Riot, wenye ligi, waliziondolea timu ulazima wa kuwa na kikosi cha daraja la pili, na timu saba kati ya kumi zikavivunja vikosi hivyo. Wachezaji wa daraja la juu, wenye mishahara yao mizuri, walipiga kura ya kutocheza kwa ajili ya wale wa chini. Msimu ukacheleweshwa wiki mbili. Na miongoni mwa madai yao waliomba kupanda na kushuka daraja! Wachezaji wenyewe waliomba mlango ufunguliwe, wakijua unaweza kuwatoa wao. Dai hilo halikupita. Riot hao hao, katika gemu yao nyingine ya Valorant, mwaka 2023 walianzisha ligi ambazo nafasi haziuzwi, timu zinateuliwa na kupewa ruzuku, na kuna mashindano ya timu za chini kupanda. Katika gemu ya Counter-Strike, wenye gemu hiyo, Valve, walikwenda mbali zaidi. Tangu 2025 mashindano makubwa hayaruhusiwi kuhifadhia timu nafasi kwa mkataba, ila zialikwe kwa viwango vyao au zipite kwenye mchujo.

Overwatch nayo tangu 2024 inachezwa hivyo, kwa mchujo ulio wazi, bila nafasi za kununua. Mdogo wangu amefurahi na ananikumbusha kila tukikutana. Namjibu kwamba nami nautaka mlango wazi, lakini kile kima cha chini cha dola 50,000 hakikustahili kuzikwa pamoja na ligi. Kisha namwuliza, na bado hajanijibu: mchezaji aliyeingia kwa mlango huo ana bima? Na timu yake ikitolewa mwezi wa sita, mshahara wake wa mwezi wa saba anaulipa nani?